Bahasha ya Mkwezi Tindo

Nyie mnaouza vitu kwa simu mnanichekesha. Mnapiga picha ya kabati, mnaandika bei, mnakaa mnangoja. Hakuna jasho, hakuna koo kukauka, hakuna mtu wa kukutukana ana kwa ana. Mimi nilikuwa dalali wa mnada hapa Bagamoyo, na kengele yangu mkononi, na sauti iliyotoka mtaa wa Dunda ikasikika forodhani. Leo nikisema nilikuwa dalali, mjukuu wangu ananiuliza dalali wa viwanja au wa vyumba vya kupanga. Ala! Kaeni niwaeleze kazi ilivyokuwa, kisha niwaeleze na siku niliyoikoroga.

Nimeuza vitanda vya besera, majamvi, masanduku ya njumu, cherehani zisizoshona na saa zisizosema kweli. Nimewahi kunadi kiti huku mwenye nyumba amekikalia, naye kwa kunogewa na sauti yangu akaongeza bei mwenyewe, mara mbili, mpaka mkewe akamfinya. Na kioo, wajukuu zangu, msikielekeze kwa wanunuzi hata siku moja. Mtu akijiona sura yake wakati anataja bei, ananyamaza hapo hapo. Kielekeze baharini, watu waone mawingu.

Aliyenifundisha ni Mzee Mwinchande, dalali wa samaki, mfupi, mwenye tumbo, na koo ambalo sijui Mungu alilikusudia nini. Alikuwa amenadi miaka mingi kiasi kwamba hata mkewe alimwita kwa mnada: "Mama Asha mara ya kwanza! Mama Asha mara ya pili!" Kabla ya mara ya tatu mama wa watu alikuwa ameshafika mbio, kama anayeogopa asije akauzwa.

Mzee Mwinchande alinifundisha kutazama miguu. Macho ya mnunuzi yanadanganya, miguu haijui. Anayekitaka kitu kweli hurudi nyuma hatua moja, aonekane hana haja nacho, na mara nyingi hukitia ila. Akisema, "Hili kabati limeliwa na mchwa," mwekee kando, huyo ndiye atakayelichukua. Alinifundisha pia kwamba kitu kilichofungwa huuzwa kimefungwa. Sanduku likija na kufuli bila ufunguo, dalali halivunji wala halitikisi. Ukilifungua, umeshauza kilichomo kwa macho yako mwenyewe, na mnunuzi hanunui makombo.

Lakini kubwa lilikuwa fungu. Samaki hawauzwi ovyo. Unawapanga kwenye mapakacha: kila pakacha changu mmoja mnono, vibua wawili watatu wa kawaida, na kale kasamaki ka miiba kasikotakiwa na mtu. Ukimwachia mwenye fedha achague wanono tu, wengine watakwenda nyumbani na miiba. Unawafunika majani mabichi kwa ajili ya jua na nzi. Halafu, kabla tu hujagonga kengele, unayahamisha mapakacha: la kwanza mwisho, la mwisho katikati. Hiyo ni dawa ya wale wanaokuja kukunong'oneza pembeni, "Dalali, langu la tatu, eh?" Nilifanya hivyo asubuhi nyingi mpaka mikono yangu ikawa inahamisha yenyewe, hata nikiwa nawaza uji. Hilo la mikono mlishike, mtalihitaji mbele.

Sasa niwaulize. Mnajua kwamba hapa mji wetu, miaka ya sabini ile, watu wazima walikaribia kushikana makoo kwa sababu ya katuni?

Kulikuwa na gazeti moja la kila wiki likitoka Dar. Ukurasa wake wa nyuma ulikuwa na hadithi ya picha, Mkwezi Tindo. Ilikuwa hivi: Tindo ni mkwezi wa minazi. Anakuja bwana shamba mpya kutoka huko alikosomea, anatangaza kwamba kuanzia siku hiyo wakwezi wote watakwea wamevaa buti, kwa usalama wao. Tindo anamtazama, anazitazama buti, anakwea mnazi pekupeku, na akiwa kileleni anatangaza naye: "Sishuki mpaka wewe bwana ukwee na hizo buti zako." Basi. Wiki nane Tindo yuko juu. Wanakuja kumbembeleza mke, shemeji, mjumbe, mganga, mpaka mwenye mnazi, na kila mmoja anarudi na dafu kichwani. Watu walicheka hadi machozi. Wiki ya nane gazeti likaandika chini, "Mwisho wiki ijayo," na wiki iliyofuata gazeti likafungwa. Kwa nini lilifungwa sikujua, na si kazi ya dalali kujua. Tindo akabaki juu ya mnazi.

Miaka ikapita watu wanabishana aliteremkaje. Tena wa hapa kwetu walibisha kuliko wengine, maana sisi tulijua Tindo ni nani. Alikuwa Mzee Shabani mkwezi, jirani yangu nyumba ya tatu, na kisa chenyewe kilitokea kweli, bwana shamba na buti zake na mnazi wenyewe. Mchoraji alikuwa mwanawe wa kumzaa, Athumani. Ila hata sisi hatukujua mwisho wake. Siku ile tulimtazama mzee juu ya mnazi mpaka adhana ya alasiri, tukaenda kuswali, tuliporudi mnazi mtupu. Alipoulizwa aliteremkaje, alijibu, "Kwa miguu."

Hadithi ilipoanza kutoka, Mzee Shabani alimfukuza mwanawe. Nilisikia mwenyewe kutoka barazani kwangu: "Umenipandisha mnazini nchi nzima inanichungulia chini ya kikoi! Toka!" Athumani akatoka, akaenda Tanga kuchora mabango ya maduka. Hakuandika barua na baba hakuuliza habari zake.

Basi akafariki karani mmoja mstaafu pale Dunda, mtu aliyefanya kazi kiwanda kilichochapa gazeti lile kule Dar. Warithi wakaniletea vyombo vyake niviuze: meza, mabakuli ya kauri, redio bubu, na chini ya godoro mkoba wa turubai. Nikaufungua. Zilikuwemo kurasa nane za Mkwezi Tindo, zenyewe, zilizochorwa kwa mkono. Na bahasha moja ya kaki, imebandikwa kwa gundi, juu imeandikwa neno moja kwa mkono wa Athumani: Mwisho.

Nawaambieni, nilizitandaza mkekani moja moja. Gazetini Tindo alikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Pale alikuwa mkubwa kama kiganja, kwenye karatasi nene, wino mweusi unaona kabisa ulivyokaa juu ya karatasi. Hapo pana ujuzi, ushikeni: picha ya chapa ukiipitisha kidole haisemi kitu, ya mkono ina vinundu vidogo vya wino. Igeuze upande ipigwe na jua, utaona risasi ya penseli iliyofutwa chini ya wino, na vidoa vya rangi nyeupe pale mchoraji alipokosea akaficha.

Siku ya kutazama mali walikuja wengi, ila wa kweli walikuwa watatu. Mwalimu Kondo wa shule ya msingi, aliyekata kila toleo akalibandika kwenye daftari na kuliwekea jalada. Jivanbhai mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa hapa hapa, mtu wa vitu vya zamani. Nyumba yake ilijaa stempu, sarafu na vitasa. Na Mselemu kinyozi, aliyefunika kuta zote za kibanda chake kwa Mkwezi Tindo. Ilibidi wateja wake wageuze shingo kusoma, na wengi tulitoka na makovu.

Mwalimu alivaa miwani, akainamia ukurasa wa tatu.

"Huyu kakosea," akasema. "Hapa kachora vidole sita, akafuta kimoja kwa rangi nyeupe. Kazi chafu."

"Mwalimu, hilo ndilo tamu lenyewe," Jivanbhai akasema. "Gazetini hulioni. Hapa unamwona mtu anakosea, anajirudi. Hebu nusa wino."

"Sinusi karatasi mbele za watu."

"Mimi naona hizi si asili," Mselemu akadakia. "Asili ni ile ya gazetini. Ile ndiyo wameiona watu wote. Hizi ni za jikoni."

"Mselemu, chakula kinatoka wapi?" Jivanbhai akamuuliza.

"Kinatoka jikoni, lakini nani anakula jikoni?"

Wakabishana saa nzima. Mwalimu alisema penseli inapunguza thamani, maana mchoraji hodari hahitaji penseli. Jivanbhai akasema ukurasa usio na penseli asingeugusa. Lakini wote watatu kila wakifika kwenye bahasha walishusha sauti. Nikatazama miguu. Mwalimu hatua moja nyuma. Jivanbhai hatua moja nyuma. Mselemu alirudi nyuma mpaka akakanyaga bakuli la marehemu, akalilipa.

Walipoondoka, nikamwona Mzee Shabani amesimama mlangoni. Sijui alisimama tangu saa ngapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ramadhani. Hiyo bahasha naitaka."

"Iko mnadani, mzee. Njoo kesho utaje bei kama wenzio."

Akakaa kwenye sanduku. Alikuwa mzee wa mapaja makavu na nyayo pana kama sinia, na sikuwahi kumwona amekaa bila kualikwa. "Nimeuza baiskeli," akasema. "Nikiipata naichoma moto bila kuifungua. Na wewe nitakwambia kwa nini, kwa sababu marehemu baba yako alikuwa rafiki yangu. Ukilitoa nje, sitakusamehe duniani wala ahera."

Akaniambia. Siku ile, adhana ilipolia na watu wakaondoka, bwana shamba naye akaenda zake kula. Chini akabaki Athumani peke yake. Na kule juu, majimoto. Mnawajua, wale chungu wekundu wanaoshona viota vya majani minazini. Saa zote zile alikuwa amekalia kiota, nao kwa muda walivumilia, halafu wakachoka kuvumilia. Waliingia ndani ya kikoi.

"Ramadhani, sikuteremka," Mzee Shabani akasema. "Nilimwagika. Na kikoi kilibaki kule juu, ndani ya makuti."

Nilijiuma ulimi, wallahi, mpaka nikaonja damu. Alikimbia hadi nyumbani amejifunika gunia alilotupiwa na mwanawe. Kwa hiyo mtu mmoja tu ulimwenguni alimwona mzee mzima akiruka uchi chini ya mnazi, na mtu huyo alikuwa na kalamu, na ndani ya bahasha ile kulikuwa na mwisho.

"Nina wakwe," mzee akasema. "Nina wajukuu wanaosoma kwa huyo Mwalimu Kondo."

Hapo nikafanya jambo ambalo dalali hafanyi. Nilimwonea huruma, nikamwambia nitakavyozipanga kurasa: mafungu matatu, kila fungu kwenye pakacha lenye kifuniko ili upepo wa pwani usipeperushe karatasi. "Bahasha itakuwa fungu la tatu, mzee. Mengine waachie."

Mtaniuliza, kurasa za hadithi moja zinagawanywaje kwa mafungu? Mimi mtu wa samaki bwana! Niliweka kila pakacha ukurasa mmoja mzuri, mmoja wa kati, na mmoja wenye madoa. Ukurasa wa kwanza ukaenda na wa nne na wa saba, wa pili ukaenda na wa tano na wa nane, wa tatu na wa sita pamoja na bahasha, ambayo niliihesabu kama ukurasa. Wala haikunijia kwamba mtu akinunua fungu moja atapata mganga anajibu swali la shemeji aliyemo pakacha jingine. Niliona nimetenda haki. Kila mmoja atakula changu na kila mmoja atakula miiba.

Kesho yake uwanja ulijaa. Niliuza meza, nikauza mabakuli saba badala ya manane, nikauza redio bubu kwa mtu aliyesema anapenda utulivu. Yakaletwa mapakacha matatu. Nikachukua kengele, nikasafisha koo, nikaanza kuwaza nitakavyofungua maneno. Na wakati nawaza, mikono yangu, hii mikono miwili mnayoiona, ikayahamisha mapakacha. La kwanza mwisho, la mwisho katikati.

Sikujua. Naapa sikujua. Fungu la kwanza likaenda kwa Jivanbhai. Fungu la pili Mselemu alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini Mwalimu Kondo alikuwa amepokea malimbikizo ya mshahara, akalichukua. Fungu la tatu Mzee Shabani alitaja bei ya baiskeli nzima kwa mara moja, bila kupanda ngazi, na hakuna aliyethubutu kuongeza. "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu!" Kengele. Mzee akalikumbatia pakacha lake akaenda pembeni, mimi nikajisikia mtu mwema.

Mara nikasikia kelele za Mwalimu: "Ninayo! Bahasha ninayo!"

Nilitazama upande wa Mzee Shabani. Alikuwa ameshika ukurasa wa kwanza, ule anapoonekana akikwea, makalio yakiwatazama wasomaji. Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Aliniangalia tu, kisha akaondoka kwa miguu, baiskeli hana.

Mnada ukishagongwa haurudi nyuma. Nilikwenda kwa Mwalimu jioni ile ile nikamwomba aniuzie bahasha kwa bei yoyote. Akacheka.

"Unataka kuifungua, Dalali?"

"Wewe je, hutaifungua?"

"Mimi? Kila mtu anataka kujua kilichomo, na hakuna ajuaye. Nikiifungua itakuwa karatasi kama zile nyingine. Ninaiweka kabatini, juu ya madaftari." Akafikiri. "Labda siku nikistaafu, niifungue mbele ya wanafunzi wote."

Nikampelekea Mzee Shabani habari hizo, akashika mwimo wa mlango. Tangu siku hiyo kila mtoto wa shule akipita anacheka, hata kama anachekea mambo yake, mzee aliingia ndani. Alikonda. Aliacha kwenda kunyolewa, maana kwa Mselemu ukutani alikuwepo yeye mara nane. Na mimi sikulala vizuri. Nilikuwa nimemwaibisha mtu aliyeniamini, kwa mikono yangu, tena kwa kazi niliyojivunia kwamba naijua.

Hapo ndipo nikakumbuka mnada wa sadaka. Nyie mnaujua wa harusini, lakini ule wa zamani ulikuwa hivi: chuo cha Kurani kikivuja paa, watu hukutana baada ya swala ya Ijumaa, analetwa jogoo, au hata yai moja. Dalali ananadi. Anayelipata analipa, kisha analirudisha: "Namtolea Mtume." Linanadiwa tena, na tena. Yai moja lilishawahi kuezeka chumba kizima. Na mtu akiombwa kitu chake kwa mnada ule, mbele za watu, hakatai. Akikataa atahamia Tanga naye. Bahasha ikishatoka kabatini kwa Mwalimu, mzee angepata nafasi ya pili.

Paa la chuo lilikuwa linavuja kweli, hilo silikubuni. Nikangoja Ijumaa, watu wametoka msikitini, Mwalimu Kondo kavaa kanzu yake ya kaki. Nikapanda kizingitini, nikagonga kengele.

"Ndugu zangu! Leo hatunadi jogoo. Leo Mwalimu Kondo, ambaye babu yake ndiye aliyejenga chuo hiki, ametoa bahasha ya Mkwezi Tindo!"

Mwalimu alikuwa hajatoa chochote. Alifungua mdomo, akatazama kushoto akamwona imamu anatabasamu, akatazama kulia akamwona mama mkwe wake. Akaufunga. Akamtuma mtu kabatini kwake.

Jamani, mnada gani ule! Mselemu akainunua, akairudisha huku analia. Mwenye mashine ya kusaga akainunua, akairudisha. Mwalimu mwenyewe akainunua mara mbili kwa uchungu, na mara zote mbili imamu akamwambia, "Mwenyezi Mungu akulipe," ikabidi airudishe. Jivanbhai, ambaye si Mwislamu lakini watoto wa jirani zake walisoma pale, akaingia naye. Bei yake ikawashinda wote. Mabati yakawa yametosha na misumari juu. Nikagonga kengele ya mwisho.

Jivanbhai akaigeuza ile bahasha, akainusa. Kisha akapita katikati ya watu mpaka kwa Mzee Shabani, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, mkono mfukoni. Nilijua mfukoni mna kiberiti.

"Mzee Shabani," akasema, "sura humu ndani ni yako. Ifungue wewe."

Mzee akaipokea. Akatoa kiberiti. Watu wakaguta. Mwalimu akashika kichwa. Njiti ikawaka.

Aliyeokoa siku ni kinyozi. "Mzee wangu," Mselemu akasema, "choma, ni haki yako. Ila ukiichoma, kila mtu hapa atajichorea mwisho wake kichwani. Mimi wangu ninao tayari, na huo wangu, samahani sana mzee, hauna kikoi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Shabani akasimama na njiti mpaka ikamfikia vidoleni, akaitupa. Nilimwona anapiga hesabu: kuna aibu moja ndani ya bahasha, na kuna aibu mia mbili nje yake. Akaichana bahasha pembeni, kidogo sana, akachungulia kwa jicho moja. Halafu kwa yote mawili. Akaitoa karatasi nje polepole, akabaki anaitazama, midomo inacheza.

"Mzee?" nikamwita.

Akaigeuza ili watu waone.

Ilikuwa picha moja tu, ukurasa mzima. Chini, bwana shamba pekupeku, buti zimefungwa kamba shingoni, ameukumbatia mnazi kimo cha mtu mmoja kutoka ardhini, amefumba macho, hapandi hashuki. Na juu yake anateremka Mkwezi Tindo, taratibu, kifua mbele. Athumani siku zote alimchora baba yake na pua kubwa na meno mawili. Pale alimchora kama alivyo. Na kikoi, wajukuu zangu, kilikuwepo. Amekipiga winda, pindo limepita katikati ya miguu, amekifunga fundo, na juu ya fundo hilo fundo la pili. Kwa maisha yangu yote sijaona kikoi kilichofungwa kwa makini kama kile.

Watu walishangilia: "Kumbe aliteremka hivyo!" Mwalimu Kondo akasema alijua tangu mwanzo. Hakuna aliyejua kwamba mfungaji wa vile vifundo viwili ndiye aliyetupa gunia, ila mimi na mzee. Nami nililia, sioni haya kusema.

Mzee Shabani akanivuta pembeni. Macho yamemjaa, sauti kali.

"Unajua kuandika barua wewe?"

"Najua, mzee."

"Mwandikie huyo mpumbavu wa Tanga. Mwambie kikoi changu kilikuwa na mistari mitatu pembeni. Kachora miwili. Aje arekebishe."

"Niseme na lingine?"

"Lingine lipi? Mistari mitatu. Aje."

Niliandika hivyo hivyo, sikuongeza neno. Athumani alifika kabla ya wiki mbili kwisha, na begi lake na chupa ya wino imefungwa kwenye soksi. Hakwenda kwanza kwa baba yake, aliogopa, alikuja kwangu, nami nikamshika mkono tukaenda. Nyuma yetu wakafuatana wale watatu, maana habari zilishawafikia.

"Shikamoo, baba," akasema mlangoni.

Mzee akamtazama mikononi. "Marahaba. Kalamu unayo?"

Karatasi ikatandazwa juu ya meza. Athumani alipochovya kalamu, Mwalimu Kondo akapiga ukelele: "Usiiguse! Hiyo ni asili! Ukiongeza kitu sasa unaiharibu!"

"Mwalimu," Jivanbhai akamwambia, akimwonyesha Mzee Shabani kwa kidevu, "asili si hiyo imekaa kitini?"

Mwalimu akavua miwani. Athumani akainama, akachora mstari wa tatu. Ukatoka mnene kuliko ile miwili. Mzee akasogea, akaweka kidole karibu bila kugusa wino, akahesabu: mmoja, miwili, mitatu.

"Haya," akasema. "Ingia ndani ukale. Mama yako amepika."

Wote wawili wamekwisha tangulia, Mungu awarehemu, na picha iko kwa wajukuu wao. Nendeni mkaitazame, mstari mnene mtauona wenyewe. Habari ya majimoto nimewaambia ninyi tu, nami nitaomba radhi kwa mzee nikimkuta huko. Mkiulizwa nje, Mkwezi Tindo aliteremka mchana kweupe, amefunga kikoi, chenye mistari mitatu.